Maswali mnayotuuliza kila mara: kuunganisha watu, vijia na wanyama ndani ya Kampala

Sisi ni kundi linalotaka kuunganisha tena vipande vya kijani vya Kampala, na haya maswali tumeyajibu kwa simu, kwenye mikutano ya LC1 (uongozi wa mtaa), kwenye steji ya boda, hata kanisani baada ya ibada mtu anakushika mkono anauliza "na nyie na hiyo miti yenu mnataka nini hasa?" Kwa hiyo tumeona tuyaweke pamoja. Majibu mengine ni marefu kwa sababu jambo lenyewe ni refu, mengine ni mafupi maana hakuna cha kuongeza.

Mnaposema "kuunganisha kijani" mnamaanisha nini?

Angalia Kampala ilivyokaa. Kilima, bonde, kilima, bonde. Juu ya kilima kuna nyumba, kanisa, msikiti, hospitali, na chini bondeni zamani kulikuwa na mafunjo na maji yanayotembea polepole kwenda Ziwa Victoria upande mmoja, na upande mwingine kwenda kinamasi cha Lubigi na Mto Mayanja mpaka mbali huko kaskazini. Jina lenyewe la mji linatokana na swala pala waliokuwa wanakula majani kwenye hivi vilima, yaani mji wetu umepewa jina na mnyama na leo mtoto wa Kampala anamjua huyo mnyama kwenye picha tu.

Sasa bonde ndio njia ya kila kitu. Maji yanapita huko, ndege wanafuata huko, na watu wa kutembea kwa miguu pia wanakata huko maana ndio njia fupi kutoka mtaa mmoja kwenda mwingine. Tulichofanya miaka hii yote ni kukatakata. Hapa ukuta, pale karakana, mbele kidogo mtaro wa simiti, halafu barabara ya kasi ambayo hata mtu mzima anaivuka akiomba Mungu. Vipande vya kijani vipo bado, viwanja vya shule, makaburi, uwanja wa gofu pale Kitante, miti ya Makerere, kingo za mitaro, ila kila kimoja kiko peke yake kama kisiwa. Kuunganisha ni kuvirudisha viwe mnyororo mmoja ambao mtu anaweza kuutembea na hondohondo anaweza kuurukia mti kwa mti.

Si bora kutafuta ardhi mkajenga bustani moja kubwa nzuri yenye geti na maua?

Ardhi gani? Mji umejaa, mailo, yaani ardhi yenye hati, ina mwenyewe, kibanja cha mpangaji juu yake kina mwenyewe mwingine, na bei ya ekari moja ndani ya mji mnaijua. Lakini hata ingepatikana bure mimi bado ningebisha.

Bustani yenye geti inamfaidi anayeishi karibu na mwenye hela ya kiingilio, yule mama anayetoka Kalerwe na mzigo kichwani haingii huko na wala hapiti. Na kwa wanyama kipande kimoja kilichozungukwa na mabati hakitoshi. Chukua mti wa musizi. Mbegu zake zinasambazwa sana na hondohondo na kima, wanakula tunda hapa wanaidondosha mbegu mbele huko. Kama hakuna mti mwingine wa kutua mbegu inaanguka pale pale chini ya mama yake, haipati mwanga, inakufa, na baada ya miaka 40 unakuwa na kundi la mizee ya miti bila mtoto hata mmoja. Msitu unaonekana upo kumbe unazeeka tu. Ndio maana sisi tunasema bora vipande 30 vidogo vilivyoshikana kuliko kimoja kikubwa kilichofungiwa.

Mnaanzaje kuchora hizo njia?

Hatuchori kwanza, tunatembea kwanza. Nataka nieleze hili vizuri kwa sababu hapa ndipo projekti nyingi zinakosea.

Kuna mtaro mmoja upande wa Lubigi, siutaji mtaa maana majadiliano ya ardhi bado yanaendelea, tulikaa hapo asubuhi tatu mfululizo kuanzia saa 12 kasoro na daftari. Juu ya mtaro kuna gogo. Gogo tu la mkaratusi limelazwa, limelainika katikati kwa kukanyagwa mpaka linang'aa kama mpini wa jembe la zamani, na mtu fulani amepigilia vizibo vya soda vikiwa vimegeuzwa juu ili watu wasiteleze mvua ikinyesha. Kwenye hilo gogo wanapita watoto wa shule wakiwa wameshika viatu mkononi, wanapita akina mama wa matoke, anapita mzee mmoja na baiskeli yake ameibeba begani. Na hapo chini, juu ya nondo iliyotokeza kwenye simiti, amekaa mdiria, yule mdogo wa bluu na mdomo mwekundu, anaangalia maji. Mtu akipita anaruka, mtu akiisha pita anarudi kwenye nondo ile ile. Asubuhi zote tatu.

Sasa huo ndio mchoro. Watu wameshachora kwa miguu yao, mdiria ameshachora kwa kukaa kwake. Kazi ya mbunifu ni kuweka daraja la maana pale pale kwenye gogo, sio mita 200 mbele kwa sababu kwenye ramani panaonekana pazuri, na kumwachia yule ndege kichaka na kijiti cha kukaa upande wa chini ambapo watu hawapiti. Ukihamisha daraja, watu wataweka gogo lingine, nakuhakikishia.

Kwani Kampala bado kuna wanyama wa kuwafanyia yote haya?

Wapo wengi kuliko mnavyodhani, tatizo tumezoea kuona kaloli, yule korongo mkubwa, juu ya takataka tukafikiri ndio basi. Hondohondo wakubwa weusi na weupe wanapita asubuhi wakipiga kelele. Kwarara wanaamsha mtaa mzima. Korongo taji, yule wa kwenye bendera yetu, bado anaonekana kwenye mabonde ya pembeni mwa mji penye majani mafupi na maji. Tumbili wapo, kenge wapo, na ukishuka Entebbe kwenye bustani ya mimea iliyoanzishwa 1898 utawakuta mbega wanaruka juu ya watu wanaofanya pikiniki.

Halafu popo. Pale barabara ya Bombo watu wanapaita Bat Valley, jina limetokana na popo wakubwa wanaokula matunda waliokuwa wamejaa kwenye miti ile. Watu wanawachukia lakini hao ndio wanaobeba mbegu za mvule usiku. Mbao ya mvule unayoipenda kwenye mlango wako, mti wake huenda ulipandwa na popo.

Na kati ya Kampala na Entebbe kuna ghuba ya Lutembe, iliandikishwa kwenye orodha ya Ramsar, ya vinamasi muhimu duniani, mwaka 2006 pamoja na Mabamba. Kila mwaka wanashuka hapo ndege kutoka Ulaya na Asia kwa makundi makubwa mno, na mwaka 2005 mkutano mkuu wa Ramsar ulifanyika hapa hapa Kampala, wageni wakatoka dunia nzima kuja kuongelea vinamasi huku vya kwetu vinafukiwa kwa maloli ya udongo usiku. Hilo linaniuma mpaka leo.

Kinamasi kinaleta mbu na malaria. Si bora kifukiwe tu?

Hili linaulizwa kuliko yote na ninalielewa maana mtoto akiumwa hakuna mtu anataka hadithi za ndege.

Ila mbu wa malaria anapenda kidimbwi kidogo, kilichotulia, chenye jua. Alama ya tairi. Shimo la matofali. Mfereji wa shamba uliozibwa na kavera, mfuko wa plastiki. Mafunjo yakiwa mazima yanafunika maji, yanaweka kivuli na ubaridi, na ndani yake kuna samaki na vyura wanaokula viluwiluwi vya mbu. Utafiti uliofanyika kwenye mabonde ya Kabale ulikuta kwamba pale mafunjo yalipoondolewa wakalima, joto lilipanda na mbu wa malaria wakaelekea kuwa wengi zaidi kuliko pale yalipoachwa. Kwa hiyo kinachotuletea mbu ni kinamasi kilichovurugwa, kile cha nusu nusu, si kinamasi chenyewe.

Na ukikifukia maji hayaendi mbinguni. Yanakwenda mtaa wa bondeni wa Bwaise, kwa watu.

Lakini mtaro wa simiti si unayaondoa maji haraka?

Haraka ndio tatizo lenyewe. Mvua ikipiga Kampala saa moja, maji yote ya vilimani yanashuka kwa mara moja kwenye mtaro mmoja mwembamba, yanafika chini kwa nguvu yote pamoja na uchafu wote, mtaro unajaa, nyumba za chini zinaingia maji. Mafunjo na majani yanayapunguza mwendo, mengine yanazama ardhini, mengine yanafika baadaye. Hakuna uchawi hapo, ni mwendo tu.

Mfano wa wenzetu ni Singapore, bustani ya Bishan-Ang Mo Kio. Walikuwa na mtaro wa simiti ulionyooka kama rula, kilomita 2.7, ule wa mto Kallang. Wakauvunja, wakaurudisha kuwa mto unaojipinda wa kilomita 3.2 ndani ya bustani, kazi ikaisha 2012. Siku za kawaida watu wanakaa kwenye majani karibu na maji, mvua kubwa ikija maji yanapanda yanachukua nafasi ile ile ya majani, kengele inalia watu wanatoka, kesho yake yameshuka. Fisi maji wakarudi wenyewe hapo katikati ya maghorofa. Singapore ina hela, najua mtaniambia hivyo. Lakini wao iliwabidi wavunje simiti ndio wapate mto, sisi kuna mabonde bado hayajawekwa simiti kabisa. Kuyaacha ni rahisi kuliko kuyavunja.

Kuhusu hela, mwaka 1999 wachumi walipiga hesabu ya kinamasi cha Nakivubo, ile kazi tu ya kuchuja maji machafu ya mji kabla hayajaingia ghuba ya Murchison, wakakuta ni kati ya dola milioni 1 na milioni 1.75 kwa mwaka. Ghuba hiyo ndiko mitambo ya Ggaba inavuta maji tunayokunywa. Yaani mafunjo yalikuwa yanafanya kazi ya kiwanda, bila mshahara, na sisi tukayakata.

Mimi ni dada, hiyo njia ya vichaka saa moja jioni sipiti. Mmefikiria hilo?

Tumelifikiria na bado tunalifikiria, na mchoro wowote ambao dada hawezi kupita saa moja jioni sisi tunauhesabu kuwa umeshindwa.

Tunachofanya ni hivi. Njia ya watu inakaa upande mmoja, kichaka kizito upande mwingine wa maji. Pembeni mwa njia mimea ya chini haizidi goti, na miti matawi ya chini yanapogolewa mpaka juu ya kichwa, ili uone mbele na uonekane. Hakuna kona kipofu. Hakuna njia ndefu isiyo na pa kuchomokea, kila baada ya mita kama 100 kuwe na kichochoro cha kurudi barabarani. Na biashara ndogo ziruhusiwe kwenye viingilio, mama wa chapati na kijana wa airtime wanalinda njia kuliko askari mmoja aliyelala.

Taa ndio ngumu kidogo, maana popo na wadudu wa usiku zinawavuruga. Taa fupi, za rangi ya manjano, zinazomulika chini kwenye njia na sio angani wala majini, hizo zinawafaa wote. Zile kali nyeupe kama za uwanjani hapana.

Boda wataingia?

Wataingia ukiwaachia. Weka vigingi viingilioni kwa nafasi ambayo kiti cha magurudumu na wilbaro vinapita ila usukani wa pikipiki unapata shida, halafu kaa na vijana wa steji muongee kabla hamjajenga. Tulipoongea nao mapema wao wenyewe ndio walitulinda, maana abiria wanashukia hapo mwanzo wa njia na wao wanapata kazi.

Mtawafukuza watu wa mayuni (magimbi) na mafundi matofali?

Hapana. Naomba nilijibu hili kwa heshima kwa sababu wengi wao ni wazee wetu na mashamba hayo yamesomesha watoto.

Mayuni yanaota bondeni vizuri, ni kweli, lakini mizizi yake imeshika udongo na mkulima anachimba mifereji ili maji yapite haraka asizamishiwe shamba, kwa hiyo maji yanapita bila kuchujwa. Mafunjo mizizi yake inaelea kama mkeka, maji yanapita katikati ya ule mkeka na uchafu unabaki. Ndio tofauti. Kwa hiyo tunapendekeza katikati ya bonde yarudi mafunjo, kingo za nje zibaki za kulima kwa makubaliano ya maandishi, na wale wanaosuka mikeka na vikapu waruhusiwe kukata mafunjo kwa zamu. Yakikatwa kwa mpango yanachipua tena. Matofali ni kesi nyingine, shimo la udongo ukishalichimba halirudi, hapo lazima mtu apewe kazi nyingine na sio ahadi. Niliona bonde moja watu walivunjiwa vibanda asubuhi na hakuna aliyekuja na mpango wa kesho, mwaka haujaisha wamerudi wote na hasira juu.

Miti gani mnapanda?

Mutuba, aina ya mtini, kwanza. Unakata kijiti kinene unakichomeka ardhini kinaota, huhitaji kitalu, huhitaji hela. Ndege wanapenda matunda yake, kivuli kinapoa, na gome lake ndio linatoa lubugo, kitambaa cha gome, ule utengenezaji ambao UNESCO iliutambua mwaka 2005, na gome linavuliwa mti haufi. Halafu musizi, halafu musambya ambao mtaa wa Nsambya umebeba jina lake, halafu mvule kwa ajili ya wajukuu. Fenesi na parachichi kwenye sehemu za watu kukaa.

Mkaratusi bondeni hapana. Kundi letu la kwanza lilipanda mikaratusi 60 kwa sababu miche ilitolewa bure, tukafurahi, ilikua haraka kweli, ila unakunywa maji na chini yake hakuoti kitu, na hatukuona ndege hata mmoja akijenga kiota humo. Tuliing'oa wenyewe kwa mikono. Tangu siku hiyo miche ya bure tunauliza kwanza ni mti gani.

Tumbili hawatavamia nyumba?

Tumbili anavamia palipo na chakula cha bure. Pipa lenye kifuniko, usimpe ndizi hata kama anakuangalia kwa huruma, na miti ya matunda ya porini iwepo kwenye njia yake ili asiitamani sufuria yako. Sehemu ya kuvuka barabara tunataka madaraja ya kamba juu kama yale ya Diani kule Kenya ambayo mbega wanayatumia kila siku, maana barabara ya Entebbe inawaua.

Sheria inasemaje?

Iko wazi kuliko watu wanavyojifanya. Katiba ya 1995 kifungu cha 237 inasema serikali inashikilia maziwa, mito, vinamasi na hifadhi za misitu kama amana ya wananchi wote, na kifungu cha 39 kinakupa haki ya mazingira safi. Ukingo wa Ziwa Victoria umelindwa mita 200. Kwa hiyo mtu akikuonyesha taito ya katikati ya kinamasi usitishike haraka, piga picha, andika tarehe, peleka kwa LC1 na kwa NEMA, mamlaka ya taifa ya mazingira, kwa maandishi, na ubaki na kopi yenye muhuri. Maneno ya mdomo yanapotea, kopi yenye muhuri haipotei.

Miji mingine je?

Huko ndio nina matumaini zaidi. Mwaka 2020 Arua, Gulu, Mbarara, Jinja, Mbale, Masaka na Fort Portal ziliitwa majiji, na nyingi bado zina nafasi ambayo Kampala ilishaipoteza. Arua msitu wa Barifa uko ndani ya mji kabisa. Mbarara ina mto Rwizi unapita katikati, Fort Portal ina Mpanga. Wakiweka njia za miguu na kingo za kijani kabla ya kuuza viwanja watatumia sehemu ndogo ya gharama tutakayotumia sisi. Ndugu zetu wa Arua wanaosoma hapa, tafadhali msisubiri.

Nina ploti ndogo tu Kyaliwajjala, kuna la kufanya?

Lipo. Ukuta wako wa upande wa bonde, acha tundu la sentimita 15 chini, vyura na kenge wapite na maji yapate pa kutokea. Badala ya kumwaga simiti kiwanja chote acha nusu iwe majani. Panda mutuba mmoja kwenye kona, halafu muombe jirani naye apande kwenye kona yake inayotazamana na yako, yeye amuombe wa mbele. Mtaa mmoja upande wa kwetu ulianza hivyo kwa nyumba nne. Sasa ni kumi na moja, na Jumapili iliyopita mama mmoja alinipigia simu saa moja asubuhi, sauti juu, akidhani ni mwizi anagonga bati lake. Ilikuwa hondohondo, amekaa juu ya paa anaangalia tini za mutuba wa jirani.

Ukitaka vijiti vya mutuba njoo Jumamosi asubuhi ya mwezi wowote wa mvua, uje na panga lako na gunia lenye unyevu la kuvifungia.